Herufi moja, majina mawili: Kwa nini kusoma kufunzwe na shule nzima

Majuzi nilialikwa katika shule moja ya msingi huko Kabazi, Kaunti ya Nakuru, kuwasikiliza watoto wa gredi za chini wakisoma. Mvulana wa Gredi ya 2 alionyeshwa neno ‘baba’. Akalitazama, akasema, “bi-ei, bi-ei,” kisha akanyamaza. Herufi zote nne alizitaja bila kukosea, ila kwa majina ya Kiingereza. Na ukiunganisha ‘bi’ na ‘ei’ hupati ‘ba’ hata ukikesha.

Kumbe mwalimu wake wa Gredi ya 1 alikuwa amepata mafunzo na alifundisha sauti. Wa Gredi ya 2 hakuwa amepata. Aliendelea na wimbo wa alfabeti alioukariri utotoni. Mtoto akapanda darasa, na alichokijua kikageuka kosa.

Ndiyo maana sipendi kumtuma mwalimu mmoja warshani halafu tukasema shule imefunzwa. Mpango wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia 2015 baada ya majaribio ya PRIMR yaliyoifikia Nakuru pia, uliwafunza walimu pamoja na walimu wakuu, na maafisa wa mitaala wakawafuata madarasani wakiwa na vishikwambi, wakitazama na kushauri. Hilo la kufuatwa darasani, kwa maoni yangu, lilifaa kuliko vitabu vyenyewe.

Lakini hebu tuseme walimu wameketi pamoja. Wakubaliane nini? Kiswahili kina vokali tano, na kila moja ina sauti yake siku zote. Mtoto akizishika pamoja na konsonanti, atasoma hata neno asilowahi kuliona. Mitego ipo, hata hivyo. ‘Mbu’ lina silabi mbili, m-bu. ‘Mbuzi’ pia lina mbili, mbu-zi. Asiyeliona hilo atawapigisha watoto makofi matatu kwa ‘mbuzi’, na mwenzake wa darasa la pili awapigishe mawili.

Kuna na suala la nyumbani. Wengi hapa huja wakizungumza Kikuyu, ambacho hakitenganishi ‘l’ na ‘r’. Mtoto akiona ‘lala’ akasema ‘rara’, amekosea kusoma? Walimu wale waligawanyika, mmoja akasema kabisa kwamba asiyetamka sawa hajasoma. Mimi nasema amesoma, maadamu anajua ni kulala. Matamshi yana kipindi chake. Ukimkatiza kila mstari, ataacha kusoma kwa sauti, na hapo hutajua tena anakwama wapi.

Mwalimu mkuu alikubali kuwatengea nusu saa kila Ijumaa, naye akiwemo. Kikao cha kwanza walianza na tofauti ya ‘ngoma’ na ‘ng’ombe’, wakabishana jinsi ya kuieleza kwa mtoto wa miaka sita mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia.