Mpunga, mimi na deni: falsafa ya India inatuambia nini sisi wa Kasongo?



Mwaka niliopata lisansi yangu ya agronomia, nyumbani walianza kuniita Injenieri. Baba, majirani, hata watoto wa parsele. Jina lilikuwa tamu, sitaficha. Mama mdogo, mwenye shamba lake upande wa Kabambare, alianza kuniuliza kila kitu. Siku moja akanionyesha mfuko wa mpunga aliouziwa: «Injenieri, mbegu hii ni ya kweli?» Nikatazama karatasi iliyoshonwa kwenye mfuko, nikasoma jina la aina na tarehe, nikamjibu: «Mama, panda bila wasiwasi.»

Akapanda. Mvua ilinyesha vizuri. Wiki mbili baadaye shamba lilikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee. Nikachukua punje 100 zilizobaki mfukoni, nikazitandaza kwenye kitambaa chenye maji, nikangoja. Ziliota 34. Kazi hiyo ya siku chache nilifundishwa tangu mwaka wa pili. Niliifanya wakati msimu umekwisha kupotea.

Rafiki mmoja wa promosyo alinifariji: «Achana na hayo. Yule wa wakati ule hakuwa wewe wa leo. Umekua.» Maneno hayo yalinisumbua kuliko lawama. Juu yalileta maswali mawili: nilijuaje kile nilichosema ninakijua? Na huyu «mimi» mwenye kosa ni nani?

Kwenye kozi yetu ya filozofia tulisoma Aristotle, tukasoma Descartes, tukafanya mtihani, tukasahau. India haikutajwa hata mara moja. Nimeisoma baadaye, usiku, kwenye simu, umeme ukipatikana. Kumbe maswali yangu mawili watu wa kule waliyabishania zaidi ya miaka elfu.

1. Kujua ni nini?

Shule moja ya zamani inaitwa Nyaya. Kitabu chake cha msingi, Nyaya Sutra, kinasemwa ni cha mtu aitwaye Gautama (si Buddha, ni majina tu yanafanana). Shule hii inasema njia za kujua ni nne. Ya kwanza ni kuona au kuhisi mwenyewe. Ya pili ni kukisia kwa dalili. Ya tatu ni mfanano: umeambiwa nyati anafanana na ng'ombe, siku unakutana naye porini unajua, ndiye huyu. Ya nne ni neno la mtu wa kuaminika.

Mfano wao wa dalili utaujua bila mwalimu. Kwetu, kiangazi kikiwa kikali, ukiona moshi nyuma ya kilima unajua kuna mtu anachoma shamba. Wao walipanga wazo hilo kwa hatua tano: kilima kile kina moto, juu kina moshi, penye moshi pana moto, kama jikoni, kilima kile kina moshi wa namna hiyo, basi kina moto. Nguvu yote iko hatua ya tatu. Lazima dalili na jambo lenyewe viwe vinakwenda pamoja bila kukosa. Na lazima uwe na hakika kwamba unachoona ni moshi, si ukungu wa asubuhi.

Sasa weka neno langu kwenye hatua hizo. Mbegu hii itaota. Juu mfuko una karatasi. Kila mfuko wenye karatasi... Hapo kamba inakatika. Karatasi inasema mbegu ilivyokuwa siku ile iliposhonwa. Haisemi mfuko ulilala miezi mingapi kwenye joto na unyevu wa depo. Niliona ukungu nikatangaza moto.

Upande wa neno la kuaminika ndio ulioniuma zaidi. Vatsyayana, aliyeeleza Nyaya Sutra, anasema mtu wa kuaminika ni yule anayelijua jambo lenyewe moja kwa moja, na anayetaka kulisema kama alivyolijua. Anaongeza kwamba mtu huyo anaweza kuwa mtakatifu, mwungwana au mgeni kabisa. Sharti ni lile lile. Mama mdogo aliniamini kama mtu wa namna hiyo. Nia nilikuwa nayo. Kujua moja kwa moja sikuwa nako. Nilikuwa na diploma, na diploma haikupima mfuko ule.

Si wote walikubali njia nne. Dignaga, Mbuddha wa karne ya 5 na ya 6, alisema ni mbili tu: kuona na kukisia. Kwake, kuamini neno la mtu ni kukisia pia: unapima kwanza kama msemaji anastahili. Wafuasi wa Charvaka walikuwa wakali zaidi. Wao walitegemea kuona tu. Lakini mkulima hawezi kuishi kwa Charvaka. Anayezika punje ardhini anaweka tumaini lake kwenye kitu ambacho macho bado hayajakiona.

2. Mimi ni nani?

Kuna kitabu cha Wabuddha, Milindapanha, yaani maswali ya Milinda. Milinda ni Menander, mfalme Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi ya India katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Humo anajadiliana na mtawa Nagasena. Mtawa anasema: naitwa Nagasena, lakini hilo ni jina tu, ndani yangu hakuna mtu wa kudumu. Mfalme anashangaa. Nagasena anamuuliza kuhusu gari lake la farasi: gari ni magurudumu? Hapana. Ni ekseli? Hapana. Ni vyote vikirundikwa? Hapana. Basi gari liko wapi?

Sisi tuseme moto. Dereva wa njia ya Kasongo na Kabambare amebadilisha tairi, cheni, tanki, mwaka jana injini. Bado anasema «moto yangu ni ile ile». Hasemi uongo. Lakini ukitafuta ule «u-moto» uliobaki bila kuguswa, huupati. Na mtu, anasema Buddha, ni hivyo hivyo: mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia, fahamu. Vyote vinapita, vyote vinashikana.

Watu wa Nyaya hawakunyamaza. Walijibu: kile nilichokiona kwa macho, sasa nakigusa kwa mkono, na ninajua ni kitu kimoja. Jicho halijui mkono. Nani anayeunganisha? Lazima kuwe na nafsi, atman, inayobaki. Hoja hiyo ni nzito, na ugomvi wao uliendelea karne nyingi.

Sasa turudi kwa yule rafiki. Kama hakuna «mimi» wa kudumu, si deni langu limefutika? Watu wengi wanaposikia habari za Buddha wanakimbilia hapo. Lakini Nagasena ameliona swali hilo, na jibu lake ni la shambani. Mtu ameiba maembe. Mwenye mti anamshitaki. Mwizi anajitetea: maembe niliyochukua siyo yale aliyopanda, yale aliyoyazika yalioza zamani. Je, hana kosa? Mfalme mwenyewe anakubali kwamba anayo, juu maembe haya yametoka katika yale. Mnyororo haukukatika. Mimi wa leo siyo punje ile ile ya msimu ule, lakini nimeota kutoka kwake. Deni linafuata mnyororo.

3. Bua la mpunga

Andiko lililonigusa kuliko yote ni Shalistamba Sutra, maana yake sutra ya bua la mpunga. Buddha anatazama mpunga shambani, na kutoka hapo yanaelezwa mafundisho ya kutokea kwa kutegemeana. Kutoka punje, chipukizi. Kutoka chipukizi, jani. Hadi ua na punje mpya. Na punje peke yake haitoshi: inahitaji ardhi, maji, joto, hewa, nafasi na msimu. Ardhi haiwazi kwamba yenyewe ndiyo inayoibeba punje. Maji hayajisifu. Hakuna bwana mmoja ndani ya bua anayesema «nimeota mimi».

Nagarjuna, mwanafalsafa mkubwa wa Wabuddha, aliita hali hiyo utupu, shunyata. Wengine walidhani anasema hakuna kitu. Yeye alijibu kinyume: kwa kuwa vitu havina kiini kilichofungwa, ndiyo maana vinaweza kubadilika. Punje yenye kiini kisichoguswa ingebaki punje milele. Mimi mwenye kiini cha «Injenieri asiyekosa» nisingejifunza lolote.

Msidhani haya ni ya watu wa mbali tu. Karibu na Entebbe, Uganda, kuna kituo cha Wabuddha kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Na mpunga wenyewe ulitoka Asia; hapa Maniema uliingia karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pwani, wakati Tippu Tip alipokuwa na makao hapa Kasongo. Tunakula wali kila siku. Mawazo yaliyoota kando ya mmea ule ndiyo hatukuyaonja.

Sikuhitaji kubadilisha dini ili niyatumie. Nilikwenda Kabambare, nikamwambia mama mdogo kwamba nilisema jambo nisilolijua. Nikamrudishia mabeseni mawili ya mbegu, na msimu uliofuata nikalima naye. Hakusema mengi. Alisema tu: «Safari hii hesabu kwanza.»

Bado wananiita Injenieri. Ni jina, kama jina la moto. Lakini mtu akiniletea mbegu, siku hizi sisomi karatasi kwanza. Naomba kitambaa, maji, punje 100, na siku saba. Zikiota 80 au zaidi, nasema panda. Zikipungua, nasema ngoja, na ninamwonyesha kitambaa, ili asiniamini mimi tu bali aone kwa macho yake.