Kabla ya Kununua Kifyonza Vumbi, Pima Mpira Wake

Seremala anayefanyia kazi chini ya mwembe kule Nyakisasa, wilayani Ngara, hahitaji kifyonza vumbi. Upepo wa vilimani unamfanyia kazi hiyo bure, na kama anatumia randa ya mkono, maranda yake ni mazito: yanaanguka miguuni, na jioni yanapelekwa kwenye banda la kuku. Makala haya hayamhusu. Yanamhusu yule aliyevuta umeme, akanunua msumeno wa meza, plena ndogo na mashine ya msasa, kisha kwa kuogopa wezi na mvua akazifungia zote katika chumba cha uani chenye dirisha moja. Akishafunga mlango na kuwasha mashine ya msasa, vumbi halina pa kwenda ila puani mwake.

Usiku, baada ya kupiga msasa ubao wa mninga kwa nusu saa, zima taa, washa tochi ya simu na uielekeze darini. Utaona chembe zinaelea kwenye mwanga, na ukirudi baada ya muda utazikuta bado zinaelea. Hizo unazoziona ni kubwa. Zinazofika ndani kabisa ya mapafu zina upana chini ya maikroni 5, wakati unywele wa binadamu una kama maikroni 70.

Madhara yake yanajulikana tangu zamani. Mwaka 1968 daktari wa pua na koo, Esme Hadfield wa High Wycombe, mji wa watengeneza viti nchini Uingereza, pamoja na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha saratani ya pua na kazi ya useremala wa samani. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Tangu 2023 Umoja wa Ulaya hauruhusu vumbi la mbao ngumu kuzidi miligramu 2 katika mita moja ya ujazo ya hewa kazini. Na kabla mambo hayajafika kwenye saratani kuna pumu, mafua yasiyoisha na ngozi inayowasha. Aliyewahi kupasua mvule siku nzima anajua mikono na shingo vinavyokuwa: mti huo una kemikali iitwayo kloroforini inayochokoza ngozi. Mninga nao, pamoja na uzuri wake wote, una sifa ya kubana kifua.

Tuje dukani. Muuzaji atakuonyesha wati. Wati 1,000, wati 1,400, na mnunuzi anachukua yenye namba kubwa. Wati zinakuambia mashine inakula umeme kiasi gani. Kuhusu vumbi hazisemi mengi. Maswali ya kuuliza ni mawili: mashine inavuta hewa kiasi gani, na ina nguvu gani ya kuvuta mpira unapokuwa mwembamba. Hapo ndipo vifyonza vumbi vinapogawanyika katika jamii mbili ambazo hazifanyi kazi moja, ingawa vyote vinaitwa kwa jina moja.

Jamii ya kwanza ni vakyumu za karakana, zile zenye pipa dogo, magurudumu na mpira wa milimita 27 hadi 36. Zinavuta kwa nguvu kubwa lakini hewa yake si nyingi. Festool CT MIDI, kwa mfano, imeandikwa paskali 24,000 na lita 3,700 za hewa kwa dakika, yaani kama mita za ujazo 222 kwa saa. Jamii ya pili ni feni kubwa yenye mfuko wa kitambaa juu na wa kukusanyia chini, na mpira wa milimita 100. Ile ya nguvu farasi moja huandikwa mita za ujazo 1,000 kwa saa au zaidi kidogo, lakini nguvu yake ya kuvuta haifiki hata sehemu ya kumi ya ile ya vakyumu. Namba hizo zote hupimwa mashine ikiwa mpya, mara nyingi bila mpira. Ukishaunga mpira wa mita tatu na filta ikashika vumbi, usishangae kubaki na nusu.

Sasa tupige hesabu. Ili pumba zisilale ndani ya mpira, hewa inapaswa kwenda kwa kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde. Mpira wa milimita 36 unahitaji kama mita za ujazo 73 kwa saa kufikia kasi hiyo, na vakyumu yoyote nzuri inazo. Mpira wa milimita 100 unahitaji 565. Kwa hiyo ukiunga vakyumu ya lita 3,700 kwenye plena yenye tundu la milimita 100, hewa itapita kwa mita 8 tu kwa sekunde, hata ikiwa mpya kabisa, na maranda yataziba njia kabla hujamaliza ubao wa pili. Kinyume chake, feni yenye mfuko ukiiunga na mpira mwembamba wa mashine ya msasa itanguruma na isivute chochote cha maana. Ndiyo maana nasema mtu abebe rula kwenda dukani. Pima matundu ya mashine ulizonazo nyumbani kwanza, ndipo uangalie bei.

Jambo ambalo mabingwa wa Ulaya hawaligusi wanapolinganisha mashine hizi ni umeme. Wilaya ya Ngara inapakana na maporomoko ya Rusumo, yenye mtambo wa megawati 80 ambao umeme wake unagawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hilo halifanyi umeme uwe volti 230 mwisho wa laini ya kijiji, saa moja jioni, majirani wote wakiwa wamewasha. Feni yenye mfuko ina mota isiyo na kaboni, imara kwa miaka mingi, lakini inapoanza kuzunguka inadai umeme mara tano au saba ya kawaida yake. Umeme ukiwa mdogo inabaki inaunguruma bila kuzunguka, na ukiiacha hivyo dakika chache koili inaungua. Vakyumu ina mota ya kaboni. Umeme ukishuka nayo inapunguza mwendo tu, na jenereta dogo la kilowati 2 linaiwasha. Inapiga kelele, ni kweli, na siku moja utabadilisha kaboni, lakini kaboni ni bei ndogo ukilinganisha na kusuka mota upya.

Kuhusu LUKU, vakyumu ya wati 1,000 inakula uniti moja kwa saa. Saa mbili kwa siku, siku 26 za mwezi, ni uniti 52. Mwenye tarifa ya nyumbani inayoishia uniti 75 kwa mwezi afanye hesabu hiyo mapema, maana msumeno bado haujawashwa.

Kisha filta. Huku ndiko fedha nyingi hupotea. Mfuko wa kitambaa wa feni za bei nafuu mara nyingi unazuia chembe za maikroni 30 kwenda juu; zilizo ndogo zinapita na kurudi chumbani, sasa zikiwa zimepulizwa kila kona. Sakafu inakuwa safi na hewa inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kwa vakyumu, kipimo cha Ulaya kina madaraja matatu yanayoandikwa ubavuni mwa mashine: L inaruhusu hadi asilimia 1 ya vumbi kupita, M asilimia 0.1, na H asilimia 0.005. Kwa mbao ngumu ningependa M. Mashine ya daraja hilo, kama Bosch GAS 35 M AFC, inalazimika pia kutoa mlio kasi ya hewa ikishuka chini ya mita 20 kwa sekunde, na hii ya Bosch inajikung'uta filta yenyewe. Makita VC2012L ya lita 20 ni daraja L. Inatosha kwa paina kama dirisha liko wazi. Vakyumu za kusafishia gari na nyumba, zisizo na herufi yoyote ubavuni, ni nzuri kwa kuokota maranda. Kwa unga wa msasa ni pampu za kurudisha vumbi chumbani. Na kabla ya kulipa, uliza kama filta ya akiba inapatikana Kahama au Mwanza. Mashine ambayo filta yake huagizwa ng'ambo ni mashine ya miezi michache.

Filta hudumu ukiizuia isipokee kila kitu. Weka ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko kati ya mashine na vakyumu: bomba la kuingizia liingie kwa ubavu ili hewa izunguke, la kutolea litoke katikati ya mfuniko. Pumba nzito zinaanguka ndani ya ndoo, na vakyumu inabaki na unga peke yake. Ndoo iwe ngumu, tafadhali. Mfuniko wa sentimita 30, mpira ukiziba ghafla kwenye mvuto wa paskali 20,000, unabeba mzigo wa zaidi ya kilo 140, sawa na watu wazima wawili kusimama juu yake. Ndoo nyembamba inakunjika palepale. Toboa tundu dogo pembeni na ulifunike kwa ndani na kipande cha mpira kitakachofunguka mvuto ukizidi.

Pia usivute kwa vakyumu hiyo cheche za grenda au msumari uliotoka kukatwa. Unga wa mbao ndani ya pipa unashika moto taratibu, na moto wenyewe huonekana wewe ukiwa umeshalala.

Hukumu yangu kwa karakana ya chumba kimoja Nyakisasa au Biharamulo ni hii: vakyumu moja ya daraja M, wati 1,000 hadi 1,200, mpira wa milimita 36, na ndoo mbele yake. Iungwe kwenye mashine ya msasa kwanza, kwa kuwa ndiyo inayotoa vumbi baya kuliko zote, kisha kwenye msumeno. Plena isogezwe mlangoni, itupe maranda nje. Feni ya mfuko isubiri hadi umeme wa kijiji utulie na uwe na pa kuiweka nje ya ukuta. Kama fedha ya vakyumu haijapatikana, nunua barakoa za FFP2 wiki hii, nyunyiza maji kabla ya kushika ufagio, na mwambie kijana unayemfundisha kazi asijipulize nguo kwa kompresa.