Udongo Mweusi Tii

Si hapo zamani za kale, ni juzijuzi tu. Bibi mmoja wa Kunduchi alitaka kupanda mchicha na bamia. Uani kwake, kama kwingi pwani ya Dar es Salaam, ni mchanga mtupu: ukimwaga ndoo ya maji, kufumba na kufumbua yamezama, na rutuba yamekwenda nayo. Akamchukua mjukuu wake, wakaenda kwa wauza miche kando ya Barabara ya Bagamoyo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Una udongo?”

“Huu hapa, mweusi tii, wa bondeni!”

Mjukuu macho yakamtoka. Bibi hakununua rangi. Alichota konzi moja yenye unyevu kidogo, akaifumbata, akafumbua mkono. Hapa tegeni masikio, watoto, maana ndiyo kazi yenyewe. Udongo ukimomonyoka papo hapo, mchanga umezidi. Ukibaki donge lenye alama za vidole, ukiligusa linabonyea tu, huo ni mfinyanzi; unafaa chungu, lakini kwenye bustani mizizi itakosa hewa. Mzuri hushikamana, kisha ukiutomasa kwa kidole unavunjikavunjika.

Donge la bibi lilibonyea.

“Nionyeshe mwingine.”

Wa pili ulivunjika vizuri, na haukunuka uvundo wa maji yaliyotuama. Bibi akaupekuapekua, akatoa kitu cheusi, kidogo.

“Kijiwe tu hicho, bibi.”

Bibi akakipasua kwa ukucha: ndani cheupe. Ndago! Mimi naichukia kuliko viwavi. Unang’oa majani, kiazi kinabaki chini, wiki ijayo kimechipua tena.

Walinunua kwenye lundo la tatu, viroba vitatu, na kimoja cha samadi. Kabla ya kulipa, bibi alizamisha mkono ndani ya samadi. Ingekuwa bado ya moto na inanuka mkojo, ingeunguza miche. Hii ilikuwa imepoa, imeoza ikaiva.

Nyumbani mjukuu akatia udongo kwenye chupa ya maji, akatikisa. Mchanga ukatua ndani ya dakika moja hivi. Tope laini likafuata baada ya saa kadhaa. Chembe za mfinyanzi, ambazo hazifiki hata milimita 0.002, ziliyafanya maji yabaki na ukungu mpaka kesho yake, naye kakaa na rula anasubiri apime matabaka.

Bibi hakungoja vipimo. Jioni ileile mchicha ulishasiwa.