Bei ya Maji Diani Ianzie Kisimani

Maji baridi ya Diani yanaelea. Chini ya hoteli, majumba ya wageni na mitaa ya Ukunda kuna mwamba wa matumbawe uliojaa vitundu, na ndani yake maji ya mvua yaliyozama ardhini yameketi juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, waliifanyia hali hii hesabu zaidi ya miaka mia moja iliyopita: maji baridi yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna takriban mita 40 zaidi za maji baridi. Ni makadirio, na mwamba wenye mipasuko hauitii hesabu sawasawa, lakini upande wa pili wa hesabu hiyo ndio unaowahusu watu wa Kwale, kaunti ya pwani ya Kenya ilimo Diani. Pampu ikiyashusha maji baridi kwa mita 1, chumvi nayo hupanda kwa takriban mita 40. Na chumvi ikipanda haimchagui aliyevuta. Huenda ikaanza kuonekana katika kisima cha jirani anayeteka kwa ndoo na kamba, ambaye hajawahi kumiliki pampu ya umeme. Faida imebaki upande mmoja wa ua, hasara imevuka.

Hapa ndipo uchumi wa maji unapoanzia, wala si kwenye bili ya bomba kama wengi wetu tulivyozoea kufikiri. Maji ya mfereji ya Diani na Ukunda hutoka hasa kwenye visima vya Tiwi, ambavyo pia huinywesha Likoni, na wala hayatoshi. Mwenye uwezo hujichimbia kisima kirefu na kujitegemea. Asiye na uwezo husubiri mkokoteni wa mitungi au huenda kwenye kisima kifupi cha mtaani. Kisheria, hata hivyo, maji yaliyo chini ya kiwanja si mali ya mwenye kiwanja. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inayaweka mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na anayetaka kuyavuta kwa kisima kirefu huomba kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji na kuyalipia ada. Tazama basi ada yenyewe. Kanuni za mwaka 2007 ziliweka kiwango cha senti 50 kwa kila lita 1,000, na senti 75 kwa mfanyabiashara aliyevuka lita 300,000 kwa siku. Lita 1,000 ni mitungi 50 ya lita 20, kwa hiyo ada ilikuwa senti 1 kwa mtungi. Anayenunua kwenye mkokoteni hulipa shilingi kadhaa kwa mtungi uleule. Ni kweli, humo mna jasho la mchuuzi na mwendo wa njia. Kanuni nazo zimeshabadilishwa tangu wakati ule, lakini mpangilio ni uleule: maji yakiwa bado ardhini ni kama bure, na yakishafika kwa maskini yana bei.

Umoja wa Ulaya ulijaribu kulitatua jambo la namna hii kwa Agizo la Maji lililopitishwa Oktoba 2000. Agizo hilo linaanza kwa kutamka kwamba maji si bidhaa kama bidhaa nyingine bali ni urithi unaopaswa kulindwa, kisha, jambo linaloweza kumshangaza msomaji, likadai urithi huo uwe na bei. Ibara ya 9 inazitaka nchi wanachama zizingatie kwamba gharama za huduma ya maji zirudishwe na wanaoitumia: gharama za mabomba na mitambo, na pia za madhara kwa mazingira na za uhaba anaoachiwa mwingine. Viwanda, kilimo na majumbani, kila kundi lichangie fungu lake, na mchafuzi alipie uchafu wake. Kwenye utekelezaji mambo hayakuwa laini. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Ujerumani haikulazimika kutoza kila aina ya matumizi ya maji. Huko Ireland, ada ya maji ya nyumbani ilileta maandamano makubwa, ikasimamishwa mwaka 2016. Na lengo la mito na maziwa yote kuwa na hali njema ifikapo 2015 lilipita bila kufikiwa, likasogezwa hadi 2027. Msomaji anaweza kuuliza, kama wenyewe wameshindwa, tuige nini?

Tuige kile walichokipata mahali panapofanana na kwetu. Doñana, kusini mwa Hispania, ni hifadhi ya mabwawa na ndege karibu na bahari, iliyozungukwa na mashamba ya stroberi yanayomwagiliwa kwa visima, vingi vikiwa vimechimbwa kinyume cha sheria. Kando yake upo mji wa kitalii wa Matalascañas, unaovuta kutoka akiba hiyohiyo ya maji ya chini ya ardhi. Juni 2021 Mahakama iliikuta Hispania na hatia, na sehemu nzito ya kosa ilikuwa ya hesabu: katika kukadiria maji yanayovutwa, serikali haikuhesabu visima haramu wala maji yanayovutwa kwa matumizi ya mijini. Hukumu haikuanza na bei, ilianza na kipimo. Huwezi kutoza, kugawa wala kulinda usichokipima.

Kwetu upungufu huo wa vipimo una ushahidi wake, nao unachekesha kidogo. Watafiti wa Kenya na wa Ulaya waliochunguza maji ya ardhini ya Kwale kabla, wakati na baada ya ukame wa mwaka 2016 walitaka kujua sekta ya utalii inavuta kiasi gani. Kwa kukosa takwimu, waliunganisha mahojiano, picha za setilaiti za Google Earth na taarifa za mtandao wa TripAdvisor, ule ambao wageni huandika kama kifungua kinywa kilikuwa kitamu. Walifanya kazi nzuri. Lakini kaunti ambayo maji yake hukadiriwa kwa maoni ya watalii haina msingi wa kupanga bei yoyote. Watafiti haohao walionyesha pia kwamba kampuni kubwa zinazopima visima vyao zilikuwa chanzo muhimu cha data, kwa hiyo anayesema upimaji hauwezekani Kwale anakanushwa na waliokwisha kuufanya.

Pingamizi zito kuliko yote ni la maskini: ukiweka bei ya maji, atakayeumia ni mama mwenye ndoo. Kwale inalijua hili kuliko Brussels. Katika miaka ya 1980 pwani hii ndipo pampu ya mkono ya Afridev ilipojaribiwa, kwa msaada wa Sweden, na mamia ya pampu yakasimikwa vijijini. Uchunguzi wa baadaye wa malipo kwenye pampu hizo ulionyesha kwamba pale watu walipolipa kwa kila mtungi, fedha zilipatikana zaidi na pampu zilidumu kufanya kazi, ila baadhi ya kaya zilirudi kwenye maji yasiyo salama. Pingamizi basi ni la kweli, na ndiyo sababu bei isianzie kwenye pampu ya kijiji. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo haizuii kumtoza mwenye bwawa la kuogelea.

Wenye hoteli nao watasema wanalipa kodi, wameajiri vijana wa Ukunda na Msambweni, na umeme wa pampu pekee unawatosha. Yote ni kweli, lakini umeme hulipia kazi ya kuyapandisha maji tu. Hakuna senti yake inayoufidia mwamba. Tena hoteli ndizo zitakazopoteza zaidi chumvi ikifika, kwani kuyachuja maji ya chumvi hula umeme mwingi kuliko kuvuta yaliyo baridi. Kuna na suala la vyoo vya shimo na matangi ya majitaka, ambavyo sehemu kubwa ya Ukunda na Diani huvitegemea juu ya mwamba huu wenye vitundu. Anayevuta sana humwaga sana, na ada ya kuvuta ndiyo fungu la haki la kuanzia kujenga mfumo wa majitaka.

Mamlaka ya Rasilimali za Maji iweke mita kwenye kila kisima kirefu cha biashara kuanzia Tiwi hadi Msambweni, itangaze vipimo hadharani kila mwaka, kisha ipandishe ada kwa wavutaji wakubwa na kuyaacha maji ya pampu za vijiji bila ada.