Nani Hurekebisha Sarafu Isiyo na Mwenyewe?

Duka langu la kutengeneza simu na kompyuta liko Kyebando, hapa Uganda, upande wa Nsooba, ambako mvua kubwa ikinyesha mfereji hufurika hadi vizingitini. Kwenye rafu ya juu kabisa, mahali maji hayafiki, nimeweka kompyuta ya zamani ambayo siiuzi. Inaendesha programu ya Bitcoin usiku na mchana, ikikagua kila muamala unaopita duniani. Nimeibana ihifadhi kumbukumbu za karibuni tu, maana daftari zima limepita gigabaiti 600. Hainiingizii hata shilingi. Naitunza kwa sababu watu huniuliza habari za kripto, nami sipendi kuwajibu kwa kukisia.

Swali lililonifanya niandike haya aliniuliza mama mmoja anayeuza matoke soko la Kalerwe. Kwenye simu yake kulikuwa na programu iliyomwahidi faida ya kila wiki. Siku alipotaka kutoa pesa zake, alikuta ujumbe: mtandao wa sarafu unaboreshwa ili uwe imara zaidi, kwa hiyo asubiri, na alipe ada ya kuhamishia akaunti yake kwenye mfumo mpya.

“Ssebo, huko kuboresha kutaisha lini?”

“Nnyabo,” nikamwambia, “usitume hata shilingi nyingine.”

Aliyeandika ujumbe ule alijua kwamba mitandao ya sarafu huboreshwa kweli, na kwamba wengi wetu hatujui inavyofanyika.

Chukua kikundi cha akiba ambacho hakina mweka hazina. Kila mwanachama ana nakala yake ya daftari, na pesa zikitoka au zikiingia, wote huandika mstari uleule kwa kanuni zilezile. Bitcoin inaendeshwa hivyo, ila wanachama ni kompyuta zilizotapakaa duniani, na kanuni zimo ndani ya programu. Kuboresha mtandao ni kubadilisha programu hiyo. Hakuna ofisi inayobonyeza kitufe kimoja wote wakabadilika. Kila mwenye kompyuta huamua mwenyewe, na hapo ndipo hatari ilipo: baadhi wakifuata kanuni mpya na wengine za zamani, madaftari yanaweza kutofautiana.

Lilitokea hilo usiku wa Machi 11 kuamkia 12, mwaka 2013. Februari lilikuwa limetoka toleo 0.8 la Bitcoin, lenye namna mpya na ya kasi zaidi ya kuhifadhi kumbukumbu. Programu ya zamani ilikuwa na kikomo cha idadi ya kumbukumbu inazoweza kugusa kwa mara moja, kikomo ambacho hakikuandikwa popote kama kanuni ya sarafu. Likaja fungu kubwa la miamala, namba 225430. Kompyuta zenye toleo jipya zililipokea, nyingi zenye toleo la zamani zikalikataa. Kwa takriban saa sita dunia ikawa na madaftari mawili ya Bitcoin, na kuna aliyefaulu kutumia mara mbili sarafu zenye thamani ya dola 10,000 hivi.

Dawa ilikuwa kurudi nyuma. Watengenezaji wa programu waliwaomba wachimbaji wakubwa, yaani wenye kompyuta zinazoongeza mafungu mapya kwenye daftari, warejee toleo 0.7, ingawa upande wa toleo jipya ndio uliokuwa na nguvu zaidi. Nasema waliwaomba, kwani hawakuwa na mamlaka ya kuwaamuru. Wachimbaji wakakubali, na mafungu 24 waliyokwisha kuyachimba yakatupwa, wakati kila fungu lilikuwa na zawadi ya bitcoin 25. Waliacha mapato yao ili daftari libaki moja. Baadaye watu wakapewa hadi Mei 15 kujiandaa, ndipo kikomo kile kikaondolewa kwa utaratibu. Naiheshimu sana hatua ile. Kila toleo jipya likitoka, mimi husoma kwanza maelezo yake, nikahakiki saini za waliolitengeneza, kisha nikalisakinisha.

Mitandao mingine nayo imepita njia hiyo. Ethereum ilibadilisha mfumo wake wa kuthibitisha miamala Septemba 15, 2022, baada ya mazoezi kwenye mitandao ya majaribio, na matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Mwenye sarafu hakutakiwa kufanya lolote wala kulipa chochote. Hata hivyo matapeli walisambaza habari kwamba lazima watu wabadilishe sarafu zao za zamani kwa mpya. Mei 2023, kwa siku mbili mfululizo, mtandao huohuo ulishindwa kwa muda kuthibitisha miamala kwa uhakika wa mwisho, kwa sababu baadhi ya programu zilizidiwa. Nyingine ziliendelea kufanya kazi, na kwa hiyo haukusimama. Solana, uliokuwa ukitegemea mno aina moja ya programu, ulisimama kwa karibu saa tano Februari 6, 2024, hadi waendeshaji wakaweka toleo lililorekebishwa na kuuwasha upya kwa pamoja.

Kwa hiyo uboreshaji wa kweli kwa kawaida hutangazwa mapema, na programu yake iko wazi kwa yeyote anayeweza kuisoma. Kazi ni ya wanaoendesha kompyuta za mtandao. Muuza matoke hahusiki kwa ada yoyote. Na mtandao ukiwa imara, bei ya sarafu haipati dhamana: inaweza kuanguka siku hiyohiyo.

Sisi Waganda tuna sababu ya kulijua hili. Desemba 2019 kampuni iliyojiita Dunamiscoins ilifunga ofisi ghafla, na maelfu ya watu waliokuwa wameweka pesa zao wakaachwa hivihivi. Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda ikayakataza makampuni ya malipo yenye leseni kuhudumia ubadilishaji wa kripto kuwa pesa za simu. Ukiibiwa kwenye kripto, milango ya kubisha ni michache.

Ukipokea ujumbe kama wa mama yule, usilipe ada hiyo. Piga picha ya skrini, andika namba uliyoitumia pesa, kisha uende nayo polisi siku hiyohiyo, na umwonye aliyekuunganisha kabla hajamuunganisha mwingine.