MATEMBEZI YA PORINI NA CHAKULA CHA JIONI



Mgeni akifika hapa Ubundu, tunamwonyesha kanisa, madarasa, stesheni ya reli na mto. Jioni tunatafuta pesa za kumnunulia mchele na sardini ya mkebe, kusudi asiseme ya kwamba sisi ni watu wa porini. Kumbe ni pori lile lile alilotamani kuona! Katika makala hii nataka kueleza namna gani matembezi ya porini yanafanywa pamoja na kiongozi, na kwa nini chakula cha jioni ni sehemu ya matembezi yenyewe. Neno langu ni moja tu: mtu asiyejua chakula chake kimetoka kwenye mti gani, hataona hasara siku mti ule utakapoangushwa.

1. MAHALI PETU

Kwanza tujue tunakaa wapi. Ubundu, iliyoitwa zamani Ponthierville, iko kando ya mto Lualaba, kusini kidogo ya mstari wa ikweta. Kisangani iko kaskazini ya mstari huo. Basi, anayesafiri kutoka kwetu mpaka Lubunga anavuka katikati ya dunia bila kujua. Katika safari hiyo mto unapita maporomoko saba ya Boyoma, yaliyopangana kwa urefu wa kilomita kama 100, na maji yanashuka kama mita 60 kwa jumla. Meli haiwezi kupita hapo. Ndiyo sababu ilijengwa reli ya kilomita 125, iliyofunguliwa mwaka 1906. Kisha maporomoko, mto unaacha jina la Lualaba na kuitwa Kongo.

Wagenia ni watu wa maji. Walengola, Wamituku na Wakumu ni watu wa pori na mashamba. Kila kabila lina majina yake ya miti, ya majani na ya samaki. Majina hayo hayako katika vitabu vyetu vya darasani. Yako katika vichwa vya wazee, na wazee wanapungua.

2. KIONGOZI NI NANI?

Kiongozi wa porini si mtu anayejua Kifaransa kizuri tu. Ni mtu aliyekulia katika pori lile, anayejua njia, vijito, miti na desturi za mahali. Kabla ya kuingia porini, kikundi kinapaswa kumpasha habari shefu wa kijiji, kwa sababu pori lina wenyewe. Halafu mnapatana na kiongozi juu ya njia, saa ya kurudi na malipo yake. Mapatano yafanyike mbele, si nyuma.

Hapa kuna jambo linaloniuma. Mara nyingi yule anayetafsiri ndiye anayepewa bahasha, na mzee aliyetangulia kwenye umande akikata njia kwa panga anapewa asante peke yake. Sisi wa shule ya Kiprotestanti tunafundishwa kila siku juu ya ujira wa mtenda kazi. Basi tufanye vile tunavyofundishwa.

Watu wa elimu kubwa wanajua thamani ya kiongozi. Mwaka 1973 Mjapani Takayoshi Kano alikuja katika nchi yetu kutafuta bonobo, na kisha kazi yao ikapata makao huko Wamba, katika jimbo la Tshuapa. Watafiti wa Japani walikuwa na vitabu na darubini, lakini ni wanakijiji wa Bongando waliowatangulia porini na kuwaonyesha nyayo na matunda yaliyoliwa. Bila macho ya wanakijiji, elimu ile ingechelewa sana.

3. NJIANI

Matembezi mazuri yanaanza asubuhi, wakati ndege wanaimba na jua halijawa kali. Vaeni viatu vilivyofungwa na suruali ndefu, juu ya siafu na nyoka. Kila mtu achukue maji yake. Kiongozi anatangulia, wanafunzi wanafuata mmoja mmoja, na mkubwa mmoja anafunga mstari nyuma. Mtu asishike jani wala tunda asilolijua. Kelele zibaki nyumbani, maana anayepiga kelele haoni kitu ila migongo ya wenzake.

Karibu na mashamba ya zamani mtaona parasolier mingi, ule mti wa majani makubwa kama mwavuli. Unaota upesi pale pori lilipokatwa na jua likaingia. Kwa hiyo parasolier ni kama kitabu cha historia: ukiuona, ujue ya kwamba watu walilima pale si miaka mingi iliyopita. Mbele zaidi, penye pori la zamani, mnaweza kuingia katika limbali. Huo ni mti mkubwa unaopenda kukaa na ndugu zake, hata unaweza kutawala sehemu nzima ya pori. Mbegu zake ni kubwa na nzito. Hazichukuliwi na upepo, zinaanguka karibu na mama. Chini yake ni giza, na majani makavu yanafunika ardhi.

Mahali penye mwanga kidogo mtaona mangongo, majani mapana yanayosimama juu ya vikonyo virefu. Kiongozi anakata yale yanayofaa tu na kuyakunja begani. Tena atawaonyesha fumbwa, kamba inayopanda juu ya miti midogo. Wengi wanafikiri ni mboga kama mboga nyingine. Lakini katika kurso ya botanika, fumbwa iko katika jimnospema, jamaa moja na misonobari, ijapokuwa majani yake mapana yanatudanganya! Anayechuma majani na kuacha kamba, atarudi kuchuma tena. Anayeng'oa kamba nzima ili ajaze mfuko upesi, amekula na mbegu ya kesho.

Halafu inakuja sapelli, ambayo wengi wanaiita lifaki. Simama chini yake, utazame juu mpaka shingo iume, bado hujafika kileleni. Mti huu unaweza kupita mita 45. Siku moja mwanafunzi mwenzetu alimwuliza mzee aliyetuongoza, "Baba, mti huu unafaa nini?" Akajibu, "Mwanangu, mfanyabiashara atakuambia ni mbao. Mama yako atakuambia ni mabinzo. Wewe uliyesoma, utuambie nani amesema kweli."

Wote wawili wamesema kweli, na hapo ndipo shida inapoanza. Kuna aina ya mabinzo yanayokula majani ya sapelli. Katika Tshopo, kunako mwezi wa nane na wa tisa, yanapokuwa makubwa yanashuka, na wamama na watoto wanayaokota chini ya mti. Mabinzo makavu yana protini nyingi, karibu nusu ya uzito wake. Wanasoma nayo wangapi kati yetu! Mama anauza vikombe vya mabinzo sokoni, mtoto analipa shule. Mbao inauzwa mara moja. Mabinzo yanarudi kila mwaka, kama mti umesimama.

Karibu na ikweta jua linazama karibu saa ile ile mwaka mzima, na giza linaanguka upesi. Ndani ya pori giza linaanza mapema kuliko barabarani. Kwa hiyo saa tisa ikifika, kikundi kiwe kimegeuza uso kuelekea nyumbani.

4. CHAKULA CHA JIONI

Sasa tumerudi, miguu imechoka, njaa iko. Huu si wakati wa kufungua mkebe. Somo linaendelea jikoni, na mwalimu wa saa hii ni mama.

Mangongo yale yanapitishwa kwanza juu ya moto, kidogo tu, mpaka yalegee. Bila hivyo yanapasuka. Majani mawili au matatu yanapangwa kwa kupishana. Katikati anawekwa samaki, ngolo au mwingine, pamoja na chumvi, kitunguu na pilipili. Majani yanakunjwa, yanafungwa kwa kamba, na fungu linawekwa penye makaa. Hii ndiyo liboke. Samaki anaiva ndani ya maji yake mwenyewe, na jani linampa harufu ambayo sufuria haiwezi kutoa.

Samaki huyo naye ana habari yake. Karibu na Kisangani, Wagenia wanasimamisha miti mikubwa ndani ya maporomoko, katika matundu ya mawe, wanaifunga kwa kamba za porini, na kutundika vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana. Nguvu ya maji inamsukuma samaki ndani ya kikapu, na nguvu ile ile inamzuia kutoka. Tazameni: miti ni ya porini, kamba ni za porini. Mtu akimaliza pori, hata samaki wa mto atampata kwa shida.

Pamoja na liboke kuna lituma: ndizi za kupika zinachemshwa, zinatwangwa kwenye kinu na kufanywa matonge. Kuna sombe yenye mafuta ya mawese. Kuna fumbwa iliyokatwa nyembamba sana na kupikwa na karanga. Kama ni majira yake, kuna mabinzo ya kukaanga. Watu wananawa mikono, mzee anaombwa kusali, na mgeni na kiongozi wanapewa chakula kwanza. Kiongozi akae mezani, asile nyuma ya nyumba! Wakati wa kula, kila mwanafunzi ataje kitu kimoja kilicho katika sahani na mahali alipokiona mchana. Ndiyo mtihani wa siku ile, na hakuna anayeuogopa.

5. KISICHOLIWA

Meza ya pori ina pande mbili: kinachopikwa na kinachokataliwa. Watu wa Bongando, niliowataja juu, walikuwa na mwiko wa zamani wa kutokula bonobo. Mwiko huo ulisaidia sana bonobo wa Wamba kuishi mpaka wageni walipofika kuwasoma, na mwaka 1990 serikali ikaunda hifadhi ya Luo mahali pale. Watu wa kijiji walilinda kabla ya karatasi yoyote.

Sisi pia tuna sheria. Sheria namba 14/003 ya mwaka 2014 inahusu ulinzi wa viumbe katika Kongo. Okapi na sokwe wamelindwa kabisa. Basi mgeni akiletewa nyama ya namna hiyo, si heshima, ni kumtia katika makosa. Samaki, mboga na mabinzo vinatosha kumheshimu.

6. JE, NI MAMBO YA WATU MASKINI?

Wengine watasema: majani na wadudu ni chakula cha wasio na pesa. Tuwatazame tena Wajapani. Nchi yao ina viwanda vikubwa na magari ya mwendo wa ajabu, lakini karibu theluthi mbili ya ardhi yao ni misitu. Kisha majira ya theluji wanapanda milimani kuchuma mboga za mwitu, wanazoziita sansai. Msafiri anatembea na kiongozi mchana, na jioni anapewa mboga zile kwa heshima kubwa. Mwaka 1982 ofisi ya serikali yao inayoshughulikia misitu ilileta jina shinrin-yoku, yaani kuoga ndani ya msitu, ili kuwahimiza watu watembee kwa afya yao. Tajiri analipa pesa ili apate kile ambacho sisi tunakionea haya.

7. KAZI YETU

Naleta mawazo matatu mbele ya wanafunzi na Bwana Prefe wa shule.

La kwanza, kila darasa liwe na daftari ya pori: jina katika lugha ya mzee, jina katika Kiswahili, jina la kurso ya biolojia, na kazi ya mmea. Huko Yangambi, kilomita kama 100 kutoka Kisangani, wataalamu wamehifadhi mimea mikavu kama 150,000, kila mmoja na jina lake. Sisi tuanze na ishirini tu.

La pili, mgeni wa shule apewe matembezi mafupi na chakula cha hapa, na pesa ya sardini apewe kiongozi.

La tatu, mwanafunzi wa mwaka wa sita asiondoke Ubundu kabla hajaweza kuongoza wadogo zake kwa saa moja porini bila kupoteza njia wala majina. Wengi wetu tutakwenda Kisangani au mbali zaidi. Siku moja mtu ataweka karatasi mbele yetu, tutie sahihi ili miti ikatwe. Siku hiyo tujue ni chakula cha nani tunachotilia sahihi.

Mungu aliyepanda bustani ya kwanza atusaidie kutunza hii tuliyopewa.