Mtambo wa Mashua Ukataapo Kuwaka

Katika mialo ya Ziwa Viktoria upande wa Geita, kama ule wa Nkome, mitambo ya mitumbwi haifanyi kazi siku zote. Mbalamwezi ing'aapo, dagaa hawakusanyiki vema penye nuru ya taa, na wavuvi hupumzika mpaka giza lirudi. Siku hizo chache haziudhuru mtambo. Lakini pengine vijana huziacha nyavu wakaenda machimboni kutafuta dhahabu, na mtambo hulazwa ghalani miezi mitano au sita. Warudipo huufunga kwenye tezi, huvuta kamba mara thelathini, nao hausemi neno.

Hapo wengi hukasirika, wakazidi kuvuta. Hasira haiwashi mtambo. Tangu Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani, alipoanza kuuza mitambo ya namna hii mwaka 1909, haja zake hazikubadilika: petroli iliyochanganyika na hewa, mchanganyiko huo kushindiliwa katika silinda, na cheche ya umeme ya kuuwasha. Fundi mwenye akili huuliza ni kipi kilichokosekana, naye huanza na kilicho rahisi.

Mitambo mingi ina kibanio chenye kamba, ambacho mwendeshaji hujifunga ili mtambo uzimike akianguka majini. Kisipowekwa mahali pake hapana cheche. Kisha hutazamwa kifuniko cha tangi la petroli, kwa kuwa kina skrubu ya kuingizia hewa. Ikiwa imefungwa, petroli haishuki. Ajaribuye kumimina maziwa ya kopo kwa tundu moja dogo huiona sababu yake: maziwa hukwama mpaka atoboe la pili, hewa ipate kuingia.

Lakini adui mkubwa ni petroli iliyolala. Sehemu zake zinazowaka upesi ndizo zinazotangulia kuruka hewani. Zinazosalia hugeuka kuwa kama gundi, nayo hunata katika kabureta, ambamo mna vitundu vyembamba kuliko tundu la sindano. Tena tangi likiwa nusu tupu, ubaridi wa usiku hufanya umande ndani yake. Maji ni mazito kuliko petroli; kwa hiyo hutuama chini kabisa, karibu na mahali mpira unaponyonya. Fundi humimina kidogo katika chupa nyeupe akaiacha itulie. Akiona maji chini, au rangi iliyoiva na harufu ya rangi ya mlango, haitumii. Huifungua kabureta, huiosha kwa petroli safi, na huvipuliza vitundu vyake. Hatii waya, maana waya huvipanua, na tundu lililopanuka halirudi.

Plagi nayo hufunguliwa. Mara nyingi huwa nyeusi, imelowa oili. Hupanguswa na kukaushwa; ikiwa imekufa, mpya huwekwa. Kazi hii ni ya mtu mzima, tena mbali na moto na sigara, kwa sababu mvuke wa petroli hushika moto kabla mtu hajauona.

Mtambo ukiwaka, kazi haijaisha. Ndani yake mna gurudumu dogo la mpira linalovuta maji ya ziwa ili kuupoza. Kwa hiyo ni kosa kuuwasha pakavu, mpira huo huungua upesi. Mtambo ukiwa majini, maji hayo huonekana yakiruka kwa tundu la pembeni. Yasipotoka, mtambo huzimwa mara moja. Pengine mpira umekakamaa kwa kukaa. Pengine ni nyigu tu, aliyejenga nyumba yake ya udongo katika tundu lile. Mtambo uliosumbua pwani huzungushwa kwanza karibu na mwalo, makasia yakiwa mtumbwini, kwani dhoruba ya ziwa hili huja ghafula, na mtumbwi usio na nguvu hugeuzwa ubavu kwa mawimbi.

Mvuvi mzoefu hujihadhari kabla ya kuulaza. Huuchomoa mpira wa petroli mtambo ungali ukinguruma majini, ukajizimikia wenyewe kabureta ikiisha kukauka. Huusimamisha wima maji yachuruzike, humwaga petroli iliyosalia katika tangi, na huziba lile tundu kwa kitambaa. Kitambaa chenyewe huchagua chekundu, asije akakisahau siku ya kuwasha.